Kutoka Chuo Kishiriki hadi Chuo Kikuu Kamili: Mwongozo kwa Vyuo vya Kanisa Katoliki Tanzania

Mwaka wa masomo ukikaribia kufungwa, simu huanza. Anapiga sista mkuu wa chuo, anapiga padre mhasibu, wakati mwingine mwalimu kijana aliyeteuliwa jana kuwa katibu wa kamati. Swali ni moja: "Tuna majengo, tuna wanafunzi, Baba Askofu ameshabariki. Tunaanzia wapi ili tuwe chuo kikuu kamili?" La pili hufuata papo hapo: "Na barua tunaandika TCU au Roma?"

Niliwahi kuwa katibu wa kamati ya mpito ya chuo cha namna hiyo. Tulikosea mengi ambayo, kama mtu angetuambia mapema, tusingeyakosea. Ndiyo maana naandika.

Hakikisha kwanza kwamba mwongozo huu unakuhusu. Unakuhusu kama chuo chenu tayari ni kishiriki: kinafundisha shahada, lakini shahada zenyewe zinatolewa na chuo kikuu mama. Njia hiyo wengine wameshaipita. Mwenge ya Moshi ilikuwa chuo kishiriki cha Mtakatifu Augustino (SAUT) kabla ya kuwa chuo kikuu mwaka 2014. Ruaha ya Iringa ilianza mwaka 2005 ikiwa chini ya SAUT hiyo hiyo, nayo leo inasimama yenyewe. Na SAUT ilichipuka kwenye chuo cha mafunzo ya jamii cha Nyegezi, Mwanza, kilichoanzishwa mwaka 1960 na Askofu Joseph Blomjous. Ikawa chuo kikuu mwaka 1998. Hesabu hiyo miaka. Anayewaahidi kumaliza kazi kwa miezi sita, msimpe kamati.

Kama chuo chenu bado ni cha kati, kiko chini ya NACTVET (Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi) na kinatoa astashahada na stashahada, soma hadi hatua ya 4 kisha simama hapo. Bado hamjafika kwenye mlango ninaouzungumzia.

Milango yenyewe ni miwili. Mmoja ni wa Serikali, na mlinzi wake ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoanza kazi Julai 2005 chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu. Mwingine ni wa Kanisa. Ukipita wa Serikali bila wa Kanisa, una chuo kikuu lakini huna haki ya kukiita cha Kikatoliki. Ukipita wa Kanisa bila wa Serikali, una baraka, lakini huna shahada ya kumpa mtoto wa mtu.

Viwe mezani kabla ya kuanza

- Hati miliki ya ardhi. Angalia imeandikwa jina la nani. Mara nyingi ni jina la Bodi ya Wadhamini ya jimbo au ya shirika, iliyosajiliwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini). Si kosa, ila mnahitaji maandishi yanayosema chuo kina haki gani juu ya eneo hilo.
- Mkataba wenu na chuo mama, ule wenye sahihi, si nakala ya rasimu.
- Ripoti ya ukaguzi wa mwisho wa TCU pamoja na majibu mliyotoa.
- Hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi wa nje. Nashauri za miaka mitatu mfululizo.
- Faili la kila mwalimu: vyeti, mkataba wa ajira, barua ya cheo. Aliyesoma nje ya nchi awe na uthibitisho wa TCU kwamba shahada yake inatambuliwa.
- Mtu mmoja aliyeondolewa majukumu mengine ili afanye kazi hii peke yake. Kamati ya watu kumi na watano wanaokutana kila baada ya miezi mitatu haiwezi kuchukua nafasi yake.

Hatua ya 1: Mwenye chuo aamue, na aandike

Mwenye chuo ni nani? Usicheke, kuna vyuo ambavyo swali hili lina majibu mawili. Anaweza kuwa askofu wa jimbo, Baraza la Maaskofu (TEC), au shirika la kitawa. Katiba ya Kitume *Ex Corde Ecclesiae*, aliyoitoa Papa Yohane Paulo wa Pili tarehe 15 Agosti 1990, inawatambua wote hao kuwa wanaweza kuanzisha chuo kikuu, lakini shirika la kitawa linahitaji ridhaa ya askofu wa jimbo ambamo chuo kipo.

Kwa hiyo kama nyinyi ni masista na chuo ni chenu, barua ya Mama Mkuu haitoshi. Nendeni kwa Mhashamu Askofu mapema, mkiwa na maelezo ya kurasa mbili tatu, kabla hajasikia habari hizo kwa watu.

Uamuzi uwe na muhtasari wa kikao, tarehe, sahihi na muhuri. Na uwe na fedha ndani yake: mwenye chuo atachangia kiasi gani kwa mwaka, kwa miaka mingapi, kutoka chanzo gani. "Tutategemea wafadhili" si chanzo. Mfadhili hujenga bwalo. Mshahara wa mhadhiri wa mwezi wa Machi halipi.

Hatua ya 2: Omba idhini ya jina

Kanuni ya 808 ya Sheria za Kanisa iko wazi: hakuna chuo kikuu kinachoruhusiwa kubeba jina la Kikatoliki bila ridhaa ya mamlaka ya Kanisa inayohusika, hata kama kwa matendo ni cha Kikatoliki kabisa. Ombeni ridhaa hiyo kwa maandishi, hata kama anayewaandikia ndiye mwenye chuo.

Hapa ndipo swali la Roma linapoingia, nalo huchanganya wengi. Chuo kikuu cha Kikatoliki ni kile kinachotoa shahada za elimu, sheria, biashara au tiba kwa mamlaka ya Serikali, kikiwa na utambulisho wa Kikatoliki. Hicho kinaongozwa na kanuni za 807 hadi 814, na askofu au Baraza la Maaskofu wanatosha kukiidhinisha. Chuo kikuu au kitivo cha kikanisa ni kitu kingine: kinatoa shahada za teolojia, falsafa au sheria za Kanisa kwa mamlaka ya Kiti Kitakatifu. Hicho kipo kwenye kanuni za 815 hadi 821 na kwenye katiba *Veritatis Gaudium* ya Papa Fransisko ya mwaka 2017, na hakianzishwi bila Roma, siku hizi kupitia Idara ya Utamaduni na Elimu. Kama mnataka kufundisha ualimu na uhasibu, msipoteze mwaka mzima kusubiri barua kutoka Vatikani.

Onyo kubwa: msichapishe jina jipya popote kabla milango yote miwili haijafunguka. Sisi tulipaka bango la barabarani mapema. Tangazo la udahili likafuata bango, wazazi wakalipa ada wakiamini tayari ni chuo kikuu, na maelezo tuliyoombwa kuyaandika baada ya hapo yalikula miezi ambayo tungekuwa tunaandaa mitaala. Hadi leo naona aibu kwa wale wazazi.

Hatua ya 3: Jipimeni kabla hamjapimwa

TCU ina kitabu cha viwango na miongozo ya elimu ya vyuo vikuu, toleo la mwaka 2019. Chukueni kila kiwango, kiwekeni kwenye jedwali, kisha pembeni andikeni tulicho nacho, ushahidi uko wapi, na tunachokosa. Asiyeandika ushahidi asijaze nafasi hiyo.

Mtakapofika kwenye walimu, punguzeni mwendo. Hapa ndipo vyuo vyetu vingi hujidanganya, na si kwa nia mbaya. Padre mwenye uzamivu anafundisha seminarini, anafundisha kwenu, na ni katibu wa elimu wa jimbo. Kwenye orodha yenu ameandikwa mhadhiri wa kudumu. Kwenye orodha ya seminari pia. Mkaguzi atauliza ratiba yake ya wiki, mkataba wake na mshahara wake, na hapo mtapoteza imani yake kwenye orodha nzima, hata kwa wale walio wa kweli. Hesabuni tu mwalimu ambaye kwenu ndiko kazi yake ilipo.

Kisha tazameni mgawanyo wa vyeo. Idara yenye wahadhiri wasaidizi sita na hakuna hata mhadhiri mwandamizi mmoja haiwezi kuulea mtaala wa shahada, sembuse wa uzamili. Chuo kikuu kinatakiwa kitahini, kipandishe vyeo na kisimamie tafiti kwa uwezo wake. Mpaka leo kazi hiyo inabebwa na Seneti ya chuo mama (kikao chake kikuu cha taaluma), na hamwezi kuona uzito wake mpaka mtakapotwishwa.

Maktaba nayo msiipime kwa wingi wa vitabu. Sanduku la vitabu vya mwaka 1978 vilivyotolewa na parokia rafiki ya Ulaya ni zawadi ya upendo, lakini halimsomeshi mwanafunzi wa teknolojia ya habari wa leo. Angalieni kila somo lililo kwenye mtaala: vitabu vyake vya lazima vipo? Majarida ya mtandaoni yanafunguka, na intaneti inafika bwenini?

Hatua ya 4: Zibeni mapengo kwa mpangilio

Anzeni na watu. Mwalimu anayepelekwa kusoma uzamivu leo atarudi baada ya miaka minne, mitano, na jengo halichukui muda huo. Pelekeni wawili watatu kila mwaka, kwa mkataba wa kurudi, na muwalipe nusu ya mshahara angalau wakiwa masomoni. Shirika la kitawa lina nafasi nzuri hapa kwa sababu wanashirika wake hawahami kazi kirahisi, lakini msiwahamishie parokiani siku wanayorudi na kofia. Nimeona sista mwenye uzamivu wa kemia akipangiwa kusimamia hosteli.

Je, walimu lazima wawe Wakatoliki? Hapana. *Ex Corde Ecclesiae* inataka walimu wasio Wakatoliki wasiwe wengi kuliko Wakatoliki, na inataka uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe. Mhadhiri mzuri wa sheria ambaye ni Mlutheri au Mwislamu ni hazina. Mwelezeni tu tangu usaili kwamba chuo ni cha namna gani, ili asishangae.

Hatua ya 5: Andikeni mitaala yenu

Mitaala mnayofundisha sasa imeidhinishwa kupitia chuo mama. Siku mtakapoondoka, haiwafuati yenyewe. Kila programu inahitaji kuandikwa, kushirikisha wadau, kupitishwa na kuwasilishwa TCU.

Kwa mfumo wa sifa za vyuo vikuu nchini, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, mwaka mmoja ni krediti 120, hivyo shahada ya kwanza ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Saa hizo ni pamoja na kusoma maktabani, mazoezi na mitihani. Wageni wa kazi hii huhesabu saa za darasani peke yake, wakajikuta na mtaala ambao mwanafunzi angekaa darasani toka alfajiri hadi usiku.

Anzeni na programu chache ambazo mna walimu wake. Ripoti ya wadau iwe ya kweli: nendeni kwa waajiri, waulizeni wahitimu wenu wako wapi na wanafanya nini. Msikae ofisini mkajaza dodoso wenyewe.

Kwa upande wa Kanisa, kanuni ya 811 inataka chuo kikuu cha Kikatoliki kiwe na kitivo, taasisi au angalau kiti (nafasi rasmi ya uprofesa) cha teolojia, na kanuni ya 812 inataka anayefundisha masomo ya teolojia awe na idhini ya mamlaka ya Kanisa. Idhini hiyo iombwe kwa jina la mwalimu. Somo la maadili lisiachiwe yeyote mwenye nafasi kwenye ratiba.

Hatua ya 6: Tengenezeni muundo na rasimu ya hati

Hati Idhini ndiyo inayowapa uhai wa kisheria, na hutolewa na Rais wa nchi baada ya TCU kuridhika. Rasimu yake inaandaliwa na nyinyi. Tafuteni mwanasheria wa sheria za nchi na mwanasheria wa sheria za Kanisa, na wakae meza moja. Nasisitiza meza moja, maana tulipowapa kazi kwa zamu tulipata hati mbili zinazogongana.

Ndani yake ieleweke nani Mkuu wa Chuo (mara nyingi ni askofu au Rais wa TEC), nani anamteua Makamu Mkuu wa Chuo, Baraza la Chuo lina mamlaka gani, na Seneti inaamua nini bila kuingiliwa. Msijaze Baraza mapadre watupu. Wekeni mhasibu mlei anayejua kusoma mizania, mtu wa viwanda, mwakilishi wa wahadhiri na mwakilishi wa wanafunzi. Na askofu akiwa Mkuu wa Chuo, andikeni waziwazi mambo gani yanafika kwake. Bila hivyo, kila mgogoro wa likizo ya mtumishi utamalizikia uaskofuni.

Hatua ya 7: Aganeni vizuri na chuo mama

Kaeni na Seneti yao muandikiane mambo haya: wanafunzi walioanza chini yao watahitimu na shahada ya nani, nani atatunza matokeo yao na kutoa nakala miaka kumi ijayo, madeni ya pande zote yatalipwa lini, anayerudia mtihani atarudia kwa nani.

Waambieni wanafunzi wenyewe, kwa mkutano na kwa tangazo lenye sahihi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili asiyejua cheti chake kitaandikwa nini halali, na ana haki ya kutolala.

Hatua ya 8: Wasilisheni, kisha mpokee wakaguzi

Jazeni maombi, lipeni ada inayotakiwa, ambatanisheni ushahidi wote ukiwa na namba. Wakaguzi watakuja. Wapeni chumba, meza, mafaili na mtu wa kuwaonyesha njia. Msiazime kompyuta za shule ya sekondari ya jirani kwa siku mbili: wakaguzi huongea na wanafunzi, na mwanafunzi husema alichokiona. Penye upungufu, semeni upo na onyesheni mpango wa kuuondoa, wenye tarehe na fedha.

Hatua ya 9: Siku baada ya sherehe

Misa ya shukrani imeisha, Hati iko kwenye fremu. Sasa badilisheni jina benki, mamlaka ya mapato (TRA), mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF), Bodi ya Mikopo, kwenye mikataba ya ajira na kwenye hati za bima. Mikataba ya watumishi ipitiwe na mwanasheria ili mtu asipoteze miaka yake ya utumishi kwa sababu mwajiri amebadili jina. Na chaplaini wa chuo ateuliwe rasmi, mwenye muda wa kutosha. Kanuni ya 813 inamtaka askofu awatunze wanafunzi kichungaji, na vijana elfu mbili hawatunzwi na padre anayekuja Jumapili akaondoka.

Yakikwama

*Ripoti inasema walimu hawatoshi.* Msijibu kwa kuajiri wastaafu kumi kwa mpigo. Punguzeni programu zile dhaifu, bakizeni zenye walimu, ombeni kukaguliwa tena. Mstaafu mmoja mwenye uprofesa anayewalea vijana ana faida, kumi wanaosaini tu hawana.

*Askofu mpya amewekwa na hajui habari hizi.* Mpelekeeni faili lote, muhtasari wa hatua ya 1 ukiwa juu. Uamuzi uliofanywa na jimbo kwa maandishi hauondoki na mtu. Uliofanywa kwa mdomo kwenye chakula cha mchana huanza upya.

*Mkopo wa mwanafunzi haujaingia baada ya jina kubadilika.* Karibu kila mara ni tofauti ya jina la chuo kati ya mfumo wa udahili na ule wa Bodi ya Mikopo. Afisa mikopo wa chuo achukue orodha, aende na barua ya TCU yenye jina jipya. Msimtume mwanafunzi mmoja mmoja.

*Chuo mama kinachelewesha matokeo ya wale wa mwisho.* Rudini kwenye makubaliano ya hatua ya 7, angalieni deni. Mara nyingi kuna ada ya uanachama au ya mitihani ambayo haikulipwa. Lipeni kwanza, halafu daini kwa barua ya Makamu Mkuu kwenda kwa Makamu Mkuu mwenzake.

*Watu wanauliza kama sasa mtawakataa wasio Wakatoliki.* Jibuni kwenye tangazo la udahili lenyewe: sifa za kujiunga ni za kitaaluma, na kila mwenye sifa anakaribishwa.

*Fedha zimeisha katikati ya njia.* Simamisheni ujenzi, endeleeni kuwalipia walio masomoni. Ukuta ambao haujapigwa lipu utawasubiri. Mwalimu aliyekatiwa ada mwaka wa tatu wa uzamivu hapatikani tena kwa bei ile.